Mkoba Kando ya Mtungi: Maisha ya Phineas Dena Mwambire, 1936–1989

Wachungaji na masheikh mliofika, wazee wetu wa Rabai, wenyeji wetu wa Ganze, majirani wa Barani mliotoka Malindi alfajiri, wafanyakazi wa afya, ndugu na marafiki, poleni kwa safari na poleni kwa msiba huu ulio wetu sote. Anayewasomea maneno haya ni Kadii, mtoto wa pili wa marehemu, kwa niaba ya mama yetu Bi Jedida na watoto wote wa nyumba hii. Kabla hatujaanza, familia inapenda ijulikane kwamba jana wazee wawili wa ukoo, kwa nia njema kabisa, walitujia wakatuomba tuseme tu kwamba marehemu alikuwa mfanyakazi wa hospitali, aliugua kwa muda mfupi, basi, na mambo ya kifua kikuu tuyapite upesi tusije tukawaaibisha watu. Wazee wetu tumewasikia, shikamooni tena, lakini hatutayapita, kwa sababu marehemu alituagiza tusiyapite, na kwa sababu mficha maradhi kilio humfichua, na kilio ndicho hiki tulichomo.

Marehemu Phineas Dena Mwambire alizaliwa Rabai tarehe 7 Machi 1936, mtoto wa kwanza wa mzee Mwambire, aliyekuwa mgema, na Bi Kadii, ambaye jina lake limerithiwa na huyu anayewasomea, na baada yake alizaliwa mdogo wake mmoja tu, Nzai, mwaka 1940. Mzee Mwambire hakujua kusoma wala kuandika, lakini minazi yake aliijua mmoja mmoja, na alimfundisha mwanawe jambo moja ambalo marehemu alilirudia mpaka sisi watoto tukachoka kulisikia, kwamba mnazi ambao hukuupanda leo usimwambie mtu kwamba umeugema. Wanaomfahamu marehemu watakubali kwamba maisha yake yote yamo ndani ya neno hilo, pamoja na taabu zote zilizompata.

Alisoma shule ya misheni huko huko Rabai tangu mwaka 1944 hadi alipomaliza darasa la nane mwaka 1951, na alisifika kwa hati nzuri, ikawa vijana wa Rabai waliotaka kuoa walimjia yeye awaandikie barua za posa, na mama yetu husema kwamba zote zilipendeza isipokuwa ile aliyoletewa yeye. Mwaka 1953 alianza kazi ya kufagia wodi Mombasa, mwaka 1955 akachukuliwa kufunzwa udresa, yaani kusafisha na kufunga vidonda na kudunga sindano, akamaliza Desemba 1956, na mwaka uliofuata akapelekwa Kilifi. Tarehe 12 Desemba 1959 alifunga ndoa kanisani Rabai na Bi Jedida, binti wa mzee Kambi, na Mungu akawajalia watoto wanne, Mwambire mwaka 1960, Kadii mwaka 1962, Kambi mwaka 1966 na Kabibi mwaka 1969, pamoja na wajukuu sita, ambao mkubwa wao ameshaanza kuandika hati kama ya babu.

Sasa tunafika mahali ambapo tuliombwa turuke. Mwezi wa Machi mwaka 1962, Nzai, mdogo wake marehemu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la mkonge, alipatikana na kifua kikuu, akaandikishwa kwenye kliniki aliyokuwa akifanyia kazi kaka yake, na kila siku kwa miezi miwili alidungwa sindano na mkono wa kaka yake mwenyewe. Dawa zilikuwa za miezi kumi na minane, lakini mwezi wa tatu wa dawa kikohozi kilikwisha, Nzai akanenepa, akamtania kaka yake kwamba anamdunga mtu mzima asiye na ugonjwa, kazi zinamngoja, na marehemu akacheka, akamwachia aende zake, na tarehe 20 Juni 1962, kwa ile hati yake nzuri, akaandika kwenye daftari mbele ya jina la mdogo wake neno moja, amepona. Hakuwa amepona, maana alikuwa amebakiza miezi kumi na mitano ya dawa, na mwaka uliofuata akarudi anatema damu, dawa zilizomsaidia mwanzo sasa hazikumshika tena, na tarehe 9 Novemba 1963 akafa kifuani pa kaka yake akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu.

Kwenye matanga ya Nzai yalitokea yale ambayo sote tunayajua na hatupendi kuyasema, watu walitafuta mchawi, akatajwa bibi mmoja jirani, mjane asiye na wa kumtetea, na vijana wakaanza kuulizana njia ya kwake. Hapo marehemu alisimama mbele ya watu, akasema, "Muacheni bibi wa watu. Aliyeandika kwamba Nzai amepona ni mimi, na daftari liko Kilifi, twendeni nikawaonyesheni." Wengine walisema msiba umemharibu akili, baba yake hakusema naye kwa mwaka mzima, lakini bibi yule hakuguswa, akaishi hadi mwaka 1978, na mtoto wake wa kike yuko hapa leo amekaa na mama yetu.

Kwa kumuuguza mdogo wake, marehemu naye alipatwa, akagunduliwa Aprili 1964, na kwa miezi kumi na minane Bi Jedida alimkalia mbele kila asubuhi mpaka vidonge viteremke, hata siku alizokuwa akitapika, hata siku alizosema amechoka na afadhali afe. Alimeza kidonge cha mwisho tarehe 30 Septemba 1965, na tangu mwaka huo kila ikifika tarehe hiyo nyumbani kwetu huchinjwa kuku, na majirani wa Barani waliokuwa wakishangaa hiyo ni sikukuu gani isiyokuwamo kwenye kalenda ya Mkristo wala Mwislamu, sasa wamejua. Mtu huyu aliugua kifua kikuu akapona kweli, akaishi miaka ishirini na minne zaidi, na hatuoni aibu yoyote katika hilo.

Mwaka 1972 familia ilihamia Malindi, tukajenga Barani, na marehemu akawa msimamizi wa daftari la wagonjwa wa kifua katika kituo kimoja cha pwani hii ambacho hakutaka kitajwe, kwa kuwa wengi wa pale walikuwa watu wema. Mwaka 1984 daftari hilo lilionyesha kwamba kati ya wagonjwa mia moja walioandikishwa katika hesabu ya kipindi hicho, waliomaliza dawa walikuwa hamsini na wawili, waliokufa tisa, waliohamia kwingine wanane, na thelathini na mmoja hawajulikani waliko. Mwezi wa Novemba walikuwa wanakuja wageni kutoka ng'ambo kuona kazi inavyokwenda, na mkubwa mmoja, ambaye mgema wa kwetu angemtambua mara moja, maana alikwisha kusifiwa na sasa alitaka kutia tembo maji, alichukua kalamu nyekundu, akaandika amemaliza mbele ya majina yote thelathini na moja, ikawa waliomaliza ni themanini na watatu katika mia, kisha akamletea marehemu daftari atie sahihi.

Katika majina hayo lilikuwamo jina la Kahonzi, mama wa watoto watatu kutoka huku Ganze. Wiki tatu kabla ya hapo, mume wake, mzee Kahindi, alitembea kutoka Ganze kwenda kuirudisha kadi ya mkewe, si kwa lolote jingine, ila kwa kuwa siku ya kwanza waliambiwa kadi ni mali ya serikali na isipotee, na Kahonzi alikuwa amezikwa siku nne kabla. Marehemu alikuwa bado hajamhamisha kwenye daftari kutoka kwa waliopotea kwenda kwa waliokufa, kadi ya Kahonzi ilikuwa ndani ya mfuko wake wa shati, akaitoa, akaiweka juu ya ule wino mwekundu, akauliza kwa adabu, "Huyu mama amemaliza nini, bwana?" Akaambiwa asilete ukaidi, akasema si ukaidi, yeye neno kama hilo alikwisha kuliandika mara moja maishani na likamzika mdogo wake, na hataliandika mara ya pili. Hakutia sahihi, na wageni walipokuja hakuitwa kikaoni.

Barua ya uhamisho ilifika kabla ya Krismasi, na tarehe 2 Januari 1985 marehemu akaripoti kwenye zahanati ndogo ya huku Ganze, baada ya mwaka wa njaa, mahali ambapo maji yanafuatwa kwa saa tatu na ambapo, tusifichane, watumishi wengi wa serikali hupelekwa ili wajute. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Waliomleta walisahau kitu kimoja, kwamba wengi wa wale thelathini na mmoja waliopotea walikuwa watu wa Ganze, kwa hiyo walimwadhibu marehemu kwa kumpeleka penye watu wake.

Nyumba ya kwanza aliyokwenda ni ya mzee Kahindi, akamuuliza kwa nini Kahonzi aliacha dawa, na mzee Kahindi, ambaye hajui kuzunguka maneno, akamwambia kwamba njia ilikuwa saa tano kwa miguu, kwamba vidonge juu ya tumbo tupu vilimchafua moyo, na kwamba hayo yote Kahonzi aliyavumilia, lakini siku moja alikosa, na aliporudi alikemewa mbele ya watu kama mtoto mwizi, naye akaapa harudi, na aliyemkemea, mzee akasema, ni wewe. Marehemu aliomba maji, akapewa kikombe cha mwisho kilichokuwamo mtungini. Alituhadithia jambo hilo mara nyingi, na kila mara alisisitiza kwamba tukisoma historia yake tulisome hili vilevile, kwamba katika wale waliompoteza Kahonzi, mmoja alikuwa yeye.

Kwa wiki saba aliwatafuta waliopotea majumbani na hakuwapata, maana mchana wako kwenye matanuri ya makaa au kwenye maji, na walipomwona kwa mbali amevaa koti jeupe waliingia vichakani. Kosa lake, kama alivyolieleza baadaye huku akijicheka, ni kwamba yeye mtoto wa Rabai alisahau mahali ambapo mtu wa huku hakosekani, awe mgonjwa, awe na deni la kazi, awe amekosana na nani. Tarehe 23 Februari 1985 alikwenda kwenye matanga ya mzee mmoja, kuzika tu kama watu, bila koti, na alipotazama upande wa wanaume akawaona watano, na upande wa wanawake wawili, watu saba wa kalamu nyekundu wamekaa wanalia pamoja naye. Aliinuka taratibu, akarudi zahanati, akachukua mkoba wa dawa, akaja akautundika kando ya mtungi wa maji ya kunywa, akaketi chini yake.

Ikawa vurugu. Mzee mmoja wa kaya alimshika mkono akamuuliza ni tusi gani hili, kuleta dawa mahali ambapo mtu amekwisha kufa, na marehemu akamjibu maneno ambayo leo yanasemwa Ganze nzima, "Kwa huyu nimechelewa, mzee wangu. Nisichelewe na kwa hao wanaomlilia." Hakumwita mtu kwa jina, hakumkodolea mtu macho, alikaa tu pale kwenye maji, na kiu haina mwenyewe, kila mtu wa matanga lazima afike mtungini. Wa kwanza alikuja alasiri, akajifanya anasuuza kikombe, akasema bila kumtazama kwamba yeye ameacha miezi minne, je, atakaripiwa? Marehemu akamwambia, "Karibu maji," akampa maji, vidonge na miadi ya kurudi, na hakumkemea mgonjwa tena mpaka alipofariki.

Tangu siku hiyo hapakuwa na matanga ya Ganze ambayo mkoba ule haukuyafikia, akabandikwa jina la Mzee wa Matanga, wakasema ananusa vifo kama tai, watoto wa shule wakamwimba, naye akawaitikia. Mwaka 1987 aliletewa muuguzi, Sista Nyakio, mwenyeji wa Nyeri, ambaye ametuambia mwenyewe kwamba wiki ya kwanza aliandika barua ya kuomba kuondolewa, akidhani amewekwa chini ya mwenda wazimu, na wiki ya tatu aliichana, baada ya kumpa dawa bibi mmoja aliyekuwa akifunika kikohozi chake kwa sauti ya kilio. Kati ya wagonjwa themanini na wanane wa hesabu ya mwaka 1988, sabini na mmoja walimaliza dawa zao, saba walikufa, wanne walihamia, na sita walipotea. Hiyo ni themanini na moja katika mia, karibu sawa kabisa na ile hesabu ya kalamu nyekundu, ila hii ina miguu, inatembea, inalima, na sehemu yake imekaa hapa mbele yetu kwenye mikeka. Ofisi ile ile iliyoamini wino mwekundu bila kuuliza ilituma mtu kuja kuhakikisha, akazungushwa siku nne kwenye jua kuonyeshwa watu mmoja mmoja, akarudi na viatu vimekwisha, akaandika kwamba ni kweli. Marehemu hakusherehekea wale sabini na mmoja, aliandika majina ya wale sita kwenye kipande cha boksi, akakiweka karibu na kitanda chake, na mpaka mwezi uliopita alikuwa amekwisha kukata mawili.

Marehemu alikuwa na ugonjwa wa presha tangu mwaka 1986. Tarehe 2 Septemba mwaka huu, akitoka matangani na mkoba begani, alianguka njiani kwa kiharusi, akabebwa na watu wa Ganze kwa machela mpaka barabarani, akafikishwa hospitali Kilifi akiwa hawezi upande wa kulia, ule wa hati nzuri. Huku nyuma maneno yakakimbia kuliko machela, watu wakasema kifua kimemrudia, wakasema dawa zake ni uongo mtupu, mganga ameliwa na ugonjwa wake, na habari zilipomfikia kitandani alikasirika mpaka daktari akaogopa, akadai apimwe makohozi, mara tatu, kama anavyopimwa mgonjwa mwingine yeyote. Yalipimwa mara tatu, majibu yakatoka tarehe 8 Septemba, hakuna kitu, na karatasi yenyewe, kwa agizo lake, imebandikwa kwenye mlango wa nyumba ile pale, mwenye shaka akaisome kabla ya kula pilau yetu. Alifariki siku ya Jumatano, tarehe 13 Septemba 1989, saa kumi alasiri, mkono wake mzima ukiwa ndani ya mkono wa Bi Jedida, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu na miezi sita. Tumeumia, wala hatusemi kwamba tumeshukuru, tumeumia tu, na Mungu anajua.

Ndugu zetu wa Rabai waliuliza, na ni haki yao kuuliza, kwa nini hatukumrudisha kwao akalala na mzee Mwambire na Nzai. Aliagiza alazwe hapa, kwenye uwanja aliopewa na mzee Kahindi jirani na kaburi la Kahonzi, kwa sababu, alisema, walimleta Ganze kama adhabu, na anataka wajue kwamba hakuomba uhamisho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kilifi waliomhudumia usiku na mchana na kuvumilia ukali wake, majirani wa Barani waliolala nasi na kutupikia, waliobeba machela, wachungaji na masheikh waliomwombea kila mmoja kwa njia yake, Sista Nyakio na wafanyakazi wenzake wote, na mzee Kahindi, ambaye tangu alfajiri ameteka maji kwa punda safari tatu, mtungi ukajaa.

Mtungi huo umo ndani ya nyumba ile, na mkoba umetundikwa kando yake. Sista Nyakio ameketi chini ya mkoba, daftari limefunguliwa. Leo ni Jumamosi, na hapa ni matangani. Jeneza halitainuliwa sasa hivi. Mama yetu atatangulia kuingia kwa mlango wa mbele, atakunywa maji, atatokea mlango wa nyuma, kisha sisi watoto, kisha wazee wetu wa Rabai, wachungaji na masheikh, na baada yao kila mtu aliyefika hapa, mmoja mmoja, mgonjwa na mzima, tajiri na maskini, ili pasiwe na mtu wa kujua nani amekunywa maji matupu na nani amekunywa maji na vidonge. Kile kipande cha boksi bado kina majina manne. Hatuyasomi. Kama mko hapa, na tunaamini mko, maana mtu wa Ganze hakosi matanga, hakuna atakayewakemea, ingieni tu kwenye mstari kama sisi, na tutawangoja kwenye jua hili mpaka wa mwisho atoke.

Baba, mnazi huu tumeupanda. Pumzika kwa amani.